Pwani ya Oaxaca, Meksiko kwa bajeti ndogo: jinsi ya kula samaki wa leo bila kukamuliwa

Hii nawaandikia hasa wale wenzangu tulioko Marekani na Kanada, ambao kila likizo tunaangalia bei ya tiketi ya kurudi nyumbani halafu tunaifunga simu kimya kimya. Mimi ni mtoto wa Tanga, bahari naijua, na baada ya miaka ya kula samaki wa kuganda wa supamaketi hapa Houston nikasema basi, kama Tanga iko mbali ngoja nitafute bahari iliyo karibu. Ndo nikaangukia pwani ya Oaxaca, upande wa Pasifiki, kusini mwa Meksiko: Puerto Escondido, Mazunte, San Agustinillo, Zipolite, Puerto Ángel, na kijiji cha Chacahua ambacho nimekiweka mwisho makusudi.

Nimeenda mara tatu. Mara ya kwanza nilikamuliwa kama ndimu. Mara ya tatu nilitumia karibu nusu ya ile hela na nikala vizuri zaidi, na hamna ujanja wowote mkubwa niliofanya, niliacha tu kufuata saa za watalii nikafuata saa za wavuvi. Kule mvuvi anarudi asubuhi, mama wa jikoni anapika mchana, jioni inabaki biashara ya mishumaa na menyu ya Kiingereza. Ukilishika hilo mengine yote yanakaa sawa.

Hatua ya 1: Makaratasi

Pasi ya Tanzania au Kenya inadai viza ya Meksiko, ila ukiwa na viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au Schengen, au ukaazi wa kudumu wa huko (wenye grini kadi mnanielewa), unaingia bila viza yao. Beba kadi yenyewe, siyo picha kwenye simu. Afisa akishagonga muhuri angalia pale pale ameandika siku ngapi, wanaweza kukupa mpaka 180 lakini wanaweza pia kukuandikia zile zile ulizozitaja, kwa hiyo usitaje kumi kama unajua una tabia ya kuahirisha kurudi.

Hatua ya 2: Chagua mwezi

Kiangazi chao ni kama Novemba mpaka Aprili. Krismasi, mwaka mpya na wiki ya Pasaka (wanaiita Semana Santa) usiende, Wameksiko wenyewe wote wanateremka pwani na chumba cha peso mia tatu kinakuwa cha mia nane. Mvua ni kama mwisho wa Mei mpaka Oktoba, bei zinashuka, lakini huo ndo msimu wa vimbunga na siyo vya kutishia watoto: Agatha aliingia nchi kavu jirani na Puerto Ángel tarehe 30 Mei 2022, Erick akaja Juni 2025 upande wa magharibi kuelekea Pinotepa. Mimi napenda wiki za mwanzo za Novemba, nchi bado kijani kutokana na mvua, watalii hawajafika, na mwenye chumba bado anaongea lugha ya kuelewana.

Kitu kingine cha kalenda ambacho watu hawakiangalii ni veda, yaani kipindi ambacho serikali inafunga uvuvi wa aina fulani ili wazaliane. Kamba wa baharini upande wa Pasifiki wanafungwa takriban Machi mpaka Septemba. Ukiuziwa "kamba wa leo asubuhi" mwezi wa saba, ujue ni wa friji au wa bwawa, siyo sumu, ila usilipe bei ya wa leo asubuhi.

Hatua ya 3: Kufika

Ukipata ndege ya bei poa kutoka Mexico City mpaka Puerto Escondido, chukua, lakini mashirika ya bei poa yanakula hela kwenye mizigo, pima begi lako nyumbani. Njia ya pili ni ya basi: kituo cha TAPO pale Mexico City mpaka Oaxaca mjini, saa sita saba hivi, unalala siku moja mjini, halafu vani mpaka pwani. Zamani hicho kipande cha mwisho kilikuwa adhabu, saa sita na zaidi za kona za mlimani na mifuko ya kutapikia inagawiwa kama pipi. Februari 2024 wakafungua barabara mpya ya Barranca Larga mpaka Ventanilla, sasa ni kama saa tatu. Ila uliza kabla hujalipa vani inapita barabara ipi, maana wengine bado wanapita ile ya zamani ya San José del Pacífico. Nzuri kwa macho, ila tumbo langu lilikataa.

Ukishafika pwani sahau teksi za watalii. Kati ya Pochutla, Puerto Ángel, Zipolite, San Agustinillo na Mazunte kuna pikapu zimefunikwa turubai, mabenchi mawili yanatazamana, watu wa Dar wa umri wangu mtakumbuka chai maharage, basi ni ile ile. Wanaita camioneta. Unapunga mkono, unapanda, unakaa magoti yanagusana na mama mwenye kuku, ukifika unagonga bodi. Nimelipa peso 15 mpaka 25 kwa safari ambayo teksi alinitajia 200 bila aibu.

Hatua ya 4: Pesa

Dola moja inacheza kati ya peso 17 na 20 hivi, na huko vijijini ni keshi. Mazunte na Zipolite ATM ni za kuhesabu, na wikiendi zinakauka, kwa hiyo toa hela benki ukiwa Puerto Escondido au Pochutla. ATM ikikuuliza kama unakubali ikubadilishie kwa kiwango chake, KATAA. Bonyeza sehemu inayosema bila kubadilisha, benki yako itabadilisha yenyewe kwa bei nafuu. Mimi mara ya kwanza niliogopa ile skrini nikadhani nikikataa hela hazitoki, nikakubali mara nne wiki nzima, nilipokuja kupiga hesabu nyumbani nilikuwa nimeliwa hela ya siku nzima ya kula. Ukikataa hela zinatoka, usiwe na wasiwasi. Na vunja noti ya 500 mjini, kule kijijini ukimpa mtu noti ya 500 kwa kitu cha 30 anakuangalia kama umemtukana.

Hatua ya 5: Kulala

Kanuni yangu ni mtaa mmoja nyuma ya ufukwe. Chumba kinachoona bahari na chumba kilichoko dakika mbili nyuma yake bei ni mara mbili, na usiku huioni bahari unaisikia tu, na kuisikia ni bure. Kitanda cha hosteli nimelipa 200 mpaka 350, bembea ya kulalia (hamaca) chini ya paa la makuti nimelala kwa 120 na chandarua yangu mwenyewe. Bembea lala kimshazari, siyo kunyooka, mgongo utakushukuru. Hosteli iwe na jiko, sababu utaiona hapo chini.

Maji ya bomba usinywe. Kila nyumba ina lile dumu la lita 20, uliza kama unaweza kujaza chupa. Barafu zile zenye umbo la bomba, na tundu katikati, ni za kiwandani zimetengenezwa kwa maji safi, hizo nanywa bila wasiwasi.

Hatua ya 6: Samaki sasa

Amka. Hapo ndo wengi mnafeli. Saa kumi na mbili na nusu, saa moja asubuhi uwe Playa Principal pale Puerto Escondido, au ghuba ya Puerto Ángel, boti za faiba zinakuja kwa kasi zote injini inaunguruma, unadhani wamepagawa, mpaka inateleza juu ya mchanga yenyewe na watu wanaruka pembeni. Ndani utaona jodari, sehewa, faulusi (wao wanamwita dorado, akiwa mbichi anang'aa kijani na dhahabu halafu unamwona anafifia mbele ya macho yako), na wale wekundu wa jamii ya changu wanaoitwa huachinango. Msogelee mtu, kwanza salamu. "Buenas" kabla ya kitu chochote, hawa ni kama sisi, mtu anayeanza na bei bila salamu anapewa bei ya adabu mbaya. Halafu "¿A cómo el kilo?", kilo shingapi. Sehewa ndo wa bei ya chini kabisa kwa sababu nyama yake nyeusi watalii hawaitaki. Watu wa pwani tunajua la kumfanya: ndimu, chumvi, kitunguu saumu, kikaango cha hosteli. Nilimnunua wa kilo moja na nusu tukala watu watatu mpaka Mjerumani mmoja akaomba mapishi.

Macho yawe yamejaa siyo yamezama, ukifunua shavu ndani kuwe kwekundu, ukibonyeza nyama irudi. Haya unayajua, nakukumbusha tu usije ukaona uvivu kuyafanya kwa sababu uko ugenini. Wavuvi hawachukii ukifunua shavu, wanacheka tu wanaona huyu siyo wa kudanganya.

Usipotaka kupika, kula mchana. Tafuta fonda au comedor, ambayo ni mama ntilie kabisa, meza za plastiki, kitambaa cha maua, na ubao umeandikwa comida corrida. Kuanzia kama saa saba mpaka saa kumi unapewa supu, wali, samaki wa kukaanga au mchuzi wake, maharage, chapati za mahindi zimefunikwa na kitambaa zisipoe, na jagi la juisi, kwa peso 80 mpaka 120 nilizolipa mimi. Juisi yenyewe utacheka: tamarindo ni ukwaju, na jamaica (tamka hamaika) ni choya, ile ile nyekundu. Samaki huyo huyo, wa boti ile ile, akihamia mgahawa wa ufukweni saa mbili usiku anakuwa 280.

Nisisahau pescadilla. Huyu ni ndugu yake sambusa, samaki wa kuchambua kapikwa na nyanya, kitunguu na pilipili, anakunjwa ndani ya chapati ya mahindi kisha anatumbukizwa kwenye mafuta. Wanawake wanapita nazo ufukweni kwenye beseni wamezifunika, kabichi na pilipili iko kwenye kopo pembeni. Mbili ni staftahi, nne ni chakula cha mchana. Nunua kabla ya saa sita, zikiwa bado zinachoma vidole, za alasiri zimeshalala.

Ceviche ipo kila mahali, samaki mbichi kaivishwa na ndimu, ila hiyo ndo ya kula mchana tu na mahali penye foleni. Mwenye bahati yake ataila hata saa nne usiku. Mimi sina bahati.

Sasa kosa langu kubwa, na ninalisema ili lisikupate. Siku ya kwanza kabisa nilikaa mgahawa mmoja miguu mchangani, kijana akaniletea sinia la samaki wazima nichague, nikamwonyesha mmoja mwekundu mzuri, sikuuliza kitu, najiona mjuzi. Bili ikaja peso 740. Samaki mzima anauzwa kwa uzito, bei ya menyu ilikuwa ya kilo na imeandikwa kwa herufi za sisimizi, na yule wangu alikuwa kilo na nusu karibu. Hawakuniibia, niliingia mwenyewe. Kwa hiyo ukichagua samaki mzima sema "¿cuánto pesa?" apimwe mbele yako, na uliza bei yote inafika ngapi kabla hajaingia jikoni. Tipu ni asilimia 10 hivi, 15 ukiridhika, na angalia isije ikawa imeshawekwa kwenye bili.

Kwa Waislamu, na kwa yeyote asiyekula nguruwe: usidhani ukiagiza samaki umeshasalimika. Mafuta ya nguruwe (manteca) yanaingia kwenye maharage ya kuponda, kwenye tamale (unga wa mahindi uliofungwa ndani ya jani ukapikwa kwa mvuke), na ile chapati kubwa ya Oaxaca inayoitwa tlayuda inapakwa asiento ambayo ni mafuta ya nguruwe waziwazi. Sentensi moja, "¿lleva manteca?", na ukitaka bila sema "sin manteca, sin asiento". Mimi niliijua hii siku ya tatu ya safari ya kwanza, maharage nilikuwa nimeshayasifia sana. Samaki wa kukaanga uliza wanamkaanga kwenye aceite, yaani mafuta ya kawaida. Hawakasiriki, wanakuambia ukweli, na mara nyingine wanakubadilishia maharage ya kuchemsha tu ya chungu, frijoles de olla, lakini hayo nayo uliza.

Na mayai ya kasa, mtu akikunong'oneza, kataa. Meksiko ilipiga marufuku biashara ya kasa mwaka 1990. San Agustinillo palikuwa na machinjio ya kasa, na Mazunte yote iliishi kwa kazi hiyo, baada ya marufuku wakabaki hawana kitu mpaka wakageukia utalii, kituo cha kasa na ushirika wa kutengeneza sabuni na mafuta. Ukinunua sabuni pale unawalipa kwa kuacha, hiyo ni biashara nzuri kuliko mayai.

Hatua ya 7: Bahari ile siyo yetu

Hapa watu wa pwani tunaweza kufa kwa kiburi. Sisi Tanga, Mombasa, Unguja, wimbi kubwa linavunjikia huko mbali kwenye mwamba, linalotufikia ni maji ya kuogea watoto. Kule hakuna mwamba wa kukukinga, Pasifiki inakuja moja kwa moja kutoka mbali na kuvunjika miguuni kwako. Na usisubiri maji yakupwe utembee nusu kilomita kama kwetu, maji yao yanapanda na kushuka kidogo tu.

Zicatela, ufukwe wa pale Puerto Escondido, ni ya mabingwa wa ubao wa mawimbi, wewe kaa mchangani uangalie. Zipolite ina mkondo unaovuta nje, wenyeji wanasema jina lenyewe maana yake ni ufukwe wa wafu, kuna waokoaji na bendera, zifuate. Ukivutwa usishindane nao, ogelea kwa ubavu sambamba na ufukwe mpaka ukuachie. (Na Zipolite kuoga uchi ni ruhusa kisheria, nakuambia mapema usije ukashtuka ukiwa na mama mkwe.) Kuogelea kwa raha nenda Carrizalillo au Puerto Angelito pale Puerto Escondido, Estacahuite pale Puerto Ángel, au kona ya Rinconcito pale Mazunte. Carrizalillo ina ngazi zaidi ya 150, kushuka unacheka kupanda unatubu.

Hatua ya 8: Chacahua, usiiache

Magharibi ya Puerto Escondido, hifadhi ya taifa ya mabwawa ya chumvi na mikoko tangu 1937. Panda vani ya kuelekea Pinotepa, shuka Río Grande, kama saa moja, chukua teksi ya kuchangia mpaka Zapotalito ambako lami inaishia majini. Hapo utafuatwa na watu wa boti binafsi wakikutajia bei za harusi. Waambie unataka colectiva, ya kuchangia. Kuna ya moja kwa moja inayokatiza mikoko mpaka kijijini, na kuna ya bei ndogo zaidi inayokuvusha tu kipande kifupi halafu unapanda pikapu kwenye njia ya mchanga, nusu saa na ushee ya kurushwa. Mimi huenda na ya kwanza narudi na ya pili.

Wenyeji wa Chacahua wengi ni weusi. Ni uzao wa Waafrika walioletwa watumwa enzi za Wahispania, wametapakaa ukanda wote wanaouita Costa Chica mpaka jimbo la Guerrero. Katiba ya Meksiko imewatambua kwa jina mwaka 2019 tu, na sensa ya 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.5 nchi nzima waliojitaja hivyo. Nilikuwa nimeyasoma yote hayo, lakini kusoma ni kitu kingine. Nilishuka kwenye boti nikamkuta mama mmoja amekaa kwenye kigoda, khanga hana lakini kitambaa kichwani kile kile, kisu kifupi mkononi, anafungua kome wadogo weusi, tak, tak, nyama kwenye bakuli la plastiki, maganda nyuma ya bega bila kuangalia. Shangazi yangu wa Tongoni mtupu. Nikasimama kama mjinga. Akaniuliza kwa sauti ya kuchoka, "¿Y tú, moreno, de quién eres?", wewe ni wa nani, yaani wa ukoo gani, alidhani ni mtoto wa jirani nimetoka kaskazini.

Wale kome wanaitwa tichinda, wanatoka kwenye mizizi ya mikoko, na wanawapika ndani ya tamale na maganda yao yote, unafungua jani unakuta maganda, unafungua maganda unakuta nyama imekunywa pilipili. Tamale huwa na manteca, kwa hiyo asiyekula aombe caldo de tichinda, mchuzi, wa kunywa na ndimu nyingi. Ndo chakula bora nilichokula nchi ile na kilikuwa peso 90. Chaza wapo pia, wanafunguliwa mbele yako.

Kulala, migahawa mingine ya ufukweni inakuachia utundike bembea au hema ukila kwao. Usiku omba kupelekwa kwenye bwawa, kusipokuwa na mwezi ukichota maji yanawaka kwenye vidole. Uliza jioni ile ile boti au pikapu ya kwanza inaondoka saa ngapi na ya mwisho saa ngapi, na ukiambiwa alfajiri ni alfajiri kweli, mimi niliambiwa saa kumi na mbili nikafika na dakika zangu kumi za Kiswahili, nikakuta kitako cha boti kinaingia kwenye mikoko. Yule mama akanionyesha kigoda cha pili na kisu cha pili, na ndoo ilikuwa bado imejaa.